Kiini nambari 11 kilikuwa kinadanganya

Najua nimepotea, na wawili watatu wenu mmeniuliza kama nimechoka kuandika. La hasha! Nimekuwa nikisoma mambo ya chipu, yaani silikoni yenyewe iliyo chini kabisa, mahali ambapo sisi watu wa programu hatupendi kuchungulia. Kilichonisukuma huko ni kisa kimoja ambacho nimekikalia kwa muda mrefu, maanake mkosaji ndani yake ni mimi. Leo nakitoa.

Mwaka 2022 nilikuwa nasimamia mfumo wa Sacco moja ya wakulima. Seva yetu ilikuwa ya mtumba. Ndiyo, hata seva zina mitumba. Zinatumika ng'ambo miaka minne au mitano, zinapanguswa vumbi, kisha zinauzwa hapa Nairobi kwa bei ambayo hata Sacco ndogo inaweza kumudu. Mashine ile ilikuwa na prosesa ya viini 16. Kwa asiyejua, kiini ndicho kile kipande cha prosesa kinachofanya kazi yenyewe: kinasoma agizo, kinajumlisha, kinazidisha, kinaandika jibu. Zamani prosesa ilikuwa na kiini kimoja tu. Siku hizi simu nyingi zilizo mifukoni mwetu zina vinane.

Kila usiku programu yetu ilipiga hesabu ya riba ya kila mwanachama, na kazi hiyo ikagawanywa kwa viini vyote ili iishe kabla ya asubuhi. Aliyeiandika ni kijana mmoja tuliyemchukua kwa mkataba wa mwaka, mtu wa Voi, mpole, na kodi yake ilikuwa safi kuliko yangu, jambo ambalo sikumwambia.

Mwezi wa tatu simu ikalia. Mama mmoja mwenye akiba ya miaka mingi, riba yake imeandikwa sifuri. Tukarudia hesabu, ikatoka sawa. Mwezi uliofuata wakawa wanachama watatu, na yule mama hakuwemo. Tukarudia, sawa tena. Waandishi wa programu wenzangu mnaijua hofu hiyo: kosa linalojitokeza mara moja, kisha ukiliita linakataa kuja.

Mimi nikakata kauli haraka. Nikasema kijana ameacha sehemu mbili za programu zigombee nafasi moja ya kumbukumbu, na anayewahi ndiye anayeandika. Ni kosa la kawaida kwenye kazi inayofanywa na viini vingi kwa pamoja. Nilimwambia hivyo kwenye kikao, mbele ya meneja. Akaipitia kodi yake wiki tatu, akaiandika upya mara mbili, kosa likabaki. Siku moja akaja mezani kwangu na kusema, "Mkubwa, nimeangalia mstari kwa mstari. Labda ni mashine." Nilicheka. Nikamjibu kwamba kompyuta hufanya inachoambiwa, na kwamba kila anayeanza kazi hii husingizia mashine. Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa, na karatasi ya kupendekeza hivyo niliisaini mimi.

Yeye akaenda, kosa likabaki. Sasa kodi ilikuwa yangu mwenyewe, niliyoiandika upya tangu mwanzo, na bado mwisho wa mwezi kulikuwa na watu wawili watatu wenye sifuri.

Ndipo nikakutana na makala ambayo wahandisi wa Facebook waliitoa mwaka 2021. Walikuwa na programu ya kufungua faili zilizobanwa, na baadhi ya faili zilikuwa zinapotea njiani. Walifuatilia mpaka wakafika kwenye kiini kimoja cha prosesa moja. Kiini hicho ukikiuliza 1.1 kipeo cha 53, uondoe sehemu ya desimali, kinajibu 0. Jibu la kweli ni 156. Ukikiuliza 1.1 kipeo cha 52, kinajibu 142, na hilo ni sahihi kabisa! Basi programu inaambiwa kwamba faili ina ukubwa wa sifuri, inaiona tupu, inaiacha. Hakuna mashine iliyozimika. Hakuna ujumbe wa hitilafu. Mwaka huohuo wahandisi wa Google nao wakaandika kwamba wanakuta viini vichache vya aina hiyo katika kila mashine elfu kadhaa.

Niliposoma hiyo sifuri mikono ilipoa.

Usiku huo nikaandika jaribio dogo. Linux inakuruhusu kuifunga programu kwenye kiini kimoja, ikatae kuhama. Nikachukua hesabu zilezile za riba, nikazipitisha kwenye kila kiini peke yake, nikalinganisha majibu. Seva ilikuwa ikivionyesha viini vyake 16 kama 32, kwa sababu kila kiini halisi kilipokea kazi mbili kwa wakati mmoja, kama nyumba yenye mlango wa mbele na wa nyuma. Majibu 30 yalifanana mpaka tarakimu ya mwisho. Yaliyotofautiana yalikuwa ya nambari 11 na nambari 27. Nikaangalia ramani ya prosesa: 11 na 27 ni milango miwili ya nyumba moja.

Kwa hesabu nyingi kiini hicho kilijibu vizuri tu. Kwa chache kilirudisha sifuri kwa utulivu kabisa. Na kwa nini hakuna aliyekishika? Kumbukumbu ya seva ina ulinzi: kwa kila biti 64 kuna biti 8 za ziada ambazo husaidia kurekebisha biti moja iliyoharibika na kutambua mbili. Data ikiwa imelala, inalindwa. Lakini ile sehemu inayozidisha na kukokotoa vipeo kwa kawaida haina mlinzi wa namna hiyo. Anayehesabu anaaminiwa.

Dawa ilikuwa mistari miwili:

echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpu11/online
echo 0 > /sys/devices/system/cpu/cpu27/online

Seva ikaendelea na viini 15. Tangu hapo sifuri hazikurudi.

Nilimpigia kijana siku ya tatu, kwa sababu siku mbili za kwanza nilikuwa natafuta maneno. Nilimwambia ilikuwa mashine, kama alivyosema. Akanyamaza, halafu akasema, "Sawa mkubwa. Asante kwa kunipigia." Nikauliza kama anataka nimwandikie barua ya kumpendekeza mahali. Akasema alishapata kazi, na kwenye mahojiano alipoulizwa kwa nini mkataba wake haukuongezwa, aliwaambia kwamba alishindwa kupata kosa lake. Hilo limebaki nami.

Sasa turudi kwenye chipu. Mimi nilizima kiini kimoja kwa mkono, baada ya miezi, na baada ya kumuumiza mtu. Nikaanza kujiuliza: wanaotengeneza chipu za viini maelfu kwa maelfu wanafanyaje? Huko huwezi kukaa usiku ukiandika nambari 11 na 27.

Hebu tupige hesabu kidogo. Chipu huchongwa kwenye sahani ya silikoni, na kiwanda hata kiwe safi namna gani huacha dosari hapa na pale. Tuseme ni kiwanda kizuri, dosari moja kwa kila sentimita 10 za mraba. Chipu kubwa ya sentimita 8 za mraba, kwa wastani itapata dosari 0.8, na kama 45 kati ya 100 zitatoka safi kabisa. Hizo 55 nyingine utazitupa? Hakuna anayetupa. Kwenye PlayStation 3 iliyotoka 2006, prosesa ilichongwa ikiwa na viini vidogo 8 vya msaada, lakini 7 tu ndivyo vilivyowashwa, ili yenye kimoja kibovu iuzwe pia. Nvidia walipotoa H100 mwaka 2022, mchoro kamili ulikuwa na vikundi 144 vya viini, na kadi kubwa waliyouza ilikuwa na 132. Kwa hivyo mtu anayejivunia chipu ya bei mbaya, ajue kuna sehemu imefungwa kwa kufuli.

Kampuni ya Cerebras ilikwenda mbali zaidi. Tangu 2019 wao hawakati sahani vipande vipande. Wanatumia karibu sahani nzima kama chipu moja, mraba wa sentimita 21.5 kila upande. Ile ya 2024 ina viini 900,000. Rudi kwenye hesabu yetu: sentimita 462 za mraba, dosari 46 hivi. Uwezekano wa kupata sahani isiyo na dosari hata moja ni mdogo kiasi kwamba dunia ingeisha kabla hujaipata. Wao hata hawaitafuti. Kila kiini chao ni kidogo sana, kama milimita 0.05 za mraba, kwa hivyo dosari moja inaua kiini kimoja tu. Kuna viini vya akiba, kuna njia za akiba kati ya viini, na zinaunganishwa upya kukizunguka kilichokufa mpaka programu ione gridi kamili isiyo na pengo. Mwenye kuandika programu hajui maiti ziko wapi.

Gene Amdahl, gwiji wa kompyuta kubwa za IBM, alijaribu ndoto ya sahani nzima mapema mno. Alianzisha Trilogy mwaka 1980, akakusanya zaidi ya dola milioni 200, na njia yake ilikuwa kuweka kila sehemu mara tatu ili zipige kura. Katikati ya miaka hiyo ya 80 mradi ukafa. Mara tatu ni gharama kubwa: silikoni mara tatu, moto mara tatu.

Lakini mimi kipenzi changu ni Teramac. Hii ilijengwa na Hewlett-Packard kule California miaka ya 90, kwa chipu 864 za aina inayoweza kupangwa upya baada ya kutoka kiwandani. Nyingi zilikuwa na ubovu ambao kwa kawaida ungezipeleka jalalani. Kwa jumla ilikuwa na dosari 220,000, kama 3 katika kila sehemu 100. Na ilifanya kazi! Kwanza inafanyiwa uchunguzi: unachukua sehemu kadhaa, unazipa hesabu ambayo jibu lake unalijua. Wakikosa, kuna mbovu kati yao, lakini ni nani? Unawatawanya kwenye makundi mengine, unauliza tena. Anayepatikana kwenye kila kundi lililokosa ndiye mwizi wa kuku. Majina ya wabovu yanaandikwa kwenye daftari, na kila programu inapopangwa kwenye mashine, inawakwepa. Nilipoisoma nikaona ndilo jaribio langu la usiku ule, ila wao walilifanya siku ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kulaumiwa.

Udhaifu wa Teramac ni kwamba daftari liliandikwa kutoka nje, na kompyuta nyingine. Kwenye SpiNNaker mambo ni tofauti. Hii ni mashine ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, chini ya Steve Furber, mmoja wa waliobuni prosesa ya kwanza ya ARM, babu wa prosesa iliyo kwenye simu yako. Mwaka 2018 ilifikisha viini zaidi ya milioni moja, na kazi yake ni kuiga mishipa ya ubongo. Kila chipu ina viini 18, na hakuna aliyezaliwa kuwa kiongozi. Umeme ukiwashwa, kila kiini kinajipima chenyewe. Kilichofaulu kinakimbilia kwenye rejista moja ya pamoja. Wa kwanza kuisoma anapewa jibu la kwamba ndiye msimamizi. Wote wanaomfuata wanapewa jibu jingine, wanaenda kuwa wafanyakazi. Kumi na sita wanafanya kazi, mmoja anasimamia, mmoja anabaki wa akiba. Kesho ukiwasha, msimamizi anaweza kuwa mwingine. (Ningependa kuona uchaguzi wetu ukiisha haraka hivyo.)

Na njia pia. Kila chipu imeunganishwa na majirani sita, mpangilio wa pembetatu pembetatu. Njia ya kwenda kwa jirani ikiziba, rauta haisubiri amri kutoka juu. Inautuma ujumbe kupitia pande mbili nyingine za pembetatu na unafika. Kukiwa na msongamano usioisha, ujumbe unadondoshwa na kazi inaendelea. Chipu ikizimia kabisa, jirani yake anaweza kuingia ndani ya rejista zake na kuifufua chini ya msimamizi mwingine. Dereva wa matatu anayeona barabara imefungwa hafanyi tofauti: anakata kona, anapita vichochoroni, abiria wanalalamika, wanafika.

Mpaka hapa yote ni mazuri, lakini mtaona kuna jambo nimeliruka. Njia iliyoziba hujulikana. Kiini kilichokufa hunyamaza, na kimya kinasikika. Kiini changu nambari 11 hakikunyamaza. Kingekuwa kwenye SpiNNaker, pengine kingefaulu kujipima, kwa kuwa hesabu nyingi kilizijua. Huenda hata kingewahi kuwa msimamizi!

Dawa ya kale ya mwongo ni kura. John von Neumann alifundisha kuhusu hilo huko Caltech mwaka 1952: namna ya kujenga mashine ya kuaminika kwa kutumia vipande visivyoaminika, kwa kurudufisha na kufuata wengi. Kompyuta nyingine za usalama wa magari zina viini viwili vinavyopiga hesabu ileile hatua kwa hatua. Wakitofautiana, kengele inalia. Lakini wawili wanakuambia tu kwamba kuna uongo. Kumjua mwongo unahitaji wa tatu. Kwenye kisa chetu palikuwa na wawili, kijana na mashine. Wa tatu nilikuwa mimi, na kura yangu niliipa mashine bila kuhesabu chochote.

Kuna ujanja mwingine ninaoupenda kwa sababu unakubali kukosea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliutoa mwaka 2003 na kuuita Razor. Kwenye sehemu za hatari za chipu wanaweka kijaluba cha pili kinacholisoma jibu lilelile kwa kuchelewa kidogo. Vijaluba viwili vikitofautiana, maana yake umeme ni mdogo mno na jibu lilichelewa kufika. Hesabu inasahihishwa, na umeme ukipunguzwa kupita kiasi unaongezwa. Vikikubaliana kwa muda, umeme unapunguzwa tena. Chipu inaishi ukingoni kwa makusudi, ikikosea kidogo ili ijue ukingo uko wapi. Na ukingo huo unasogea, maana silikoni inazeeka: transista zinapungua kasi, na mkondo wa umeme unasukuma atomi za nyaya kidogo kidogo mpaka waya unakonda. Seva ya mtumba imeshazeeka hivyo mikononi mwa mtu mwingine kabla haijafika kwako. Kipimo cha kiwandani cha miaka sita iliyopita hakisemi chochote kuhusu leo.

Ndiyo maana Facebook, ambao sasa wanaitwa Meta, walieleza mwaka 2022 kwamba wanapima mashine zao kwa namna mbili: uchunguzi mrefu mashine ikiwa imetolewa kazini kwa matengenezo, na vijaribio vifupi vya kufumba na kufumbua vinavyopenyezwa katikati ya kazi, wateja wakiwa hawana habari. Mashine haiachi kuulizwa maswali.

Mimi nimeiga hilo kwa kiwango changu cha kijijini. Seva zote ninazosimamia hupimwa saa tisa usiku, kila kiini peke yake, kwa hesabu za riba, vipeo, na kubana faili. Udhaifu wake ni ule wa 52 na 53: ninauliza maswali ninayoyajua tu. Kiini kinaweza kukosea kwenye swali ambalo sikuwahi kulifikiria. Kwa hivyo kila usiku nusu ya maswali ni nambari za bahati nasibu, na majibu ya kila kiini yanalinganishwa na ya wenzake badala ya daftari langu. Hesabu kubwa za mwisho wa mwezi zinafanywa mara mbili kwenye viini tofauti. Zinachukua muda mara mbili, na meneja ameshauliza kwa nini.

Wiki iliyopita jaribio lilipiga kelele kuhusu kiini nambari 4 kwenye seva mpya, iliyotoka kwenye boksi. Nilikizima saa hiyohiyo, nikarudi kulala nikijisifu. Asubuhi nikakuta faili ya majibu ya kiini hicho imekatika katikati kwa sababu diski ilikuwa imejaa, na kilichoijaza ni majibu ya zamani ya jaribio langu mwenyewe ambayo nilisahau kuyafuta. Nimekiwasha tena.